Macho ya Mpiga Kinanda

Malaba, Jumatatu 10 Februari

Shangazi yangu Roselida,

Naanza na goti lako kabla sijakuuliza wewe mwenyewe, maana hilo ndilo huamua kama umelala vizuri. Mimi ni mzima. Kibanda cha kutengeneza simu kinaendelea, na foleni ya matrela ya kuvuka kwenda Uganda ni ileile, inaniletea wateja wasio na haraka na wasio na pa kwenda.

Ningekupigia, lakini simu yako tangu iharibike inaongea kwa spika peke yake, na jambo hili sitaki lisikike na boma lote hadi kwa mbuzi. Ndiyo maana nimempa Nasimiyu, muuza samaki wa soko letu, karatasi hii aibebe akirudi huko kuchukua omena. Ikinuka samaki, usiniulize mimi.

Jambo lenyewe ni la kanisani. Unajua huu ni mwaka wa tatu napiga kinanda hapa Mlango Wazi, kanisa letu la mabati nyuma ya maegesho ya matrela. Usichojua ni kwamba mimi na Pasta Ongodia tuna ishara. Wakati wa maombi, akipitisha kitambaa cheupe kwenye kipaji cha uso, mimi napandisha wimbo ngazi moja, polepole, kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria. Hapo ndipo watu huanza kulia na kwenda mbele kuombewa. Hatujawahi kuona ubaya. Ilikuwa kazi tu, kama mwashi na mtu wake wa kumpa matofali.

Sasa jana pasta alikuwa ametoka kuugua malaria. Akasimama kusoma matangazo, mimi nikawa napiga kidogo chini yake ili watu wasisinzie. Alipofika kwenye ujenzi wa choo cha wanaume, jasho likamtoka, akajifuta. Shangazi, vidole vyangu havikuniuliza. Vilipanda.

Pasta anasema mabati kumi na sita yamebaki kununuliwa, na upande wa kushoto mama mmoja ameanza kutetemeka. Alipofika kwenye misumari, watu walikuwa wameshasimama. Walikwenda mbele kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja hakuwa hata wa kanisa letu, ni dereva wa trela anayeitwa Okurut, aliyekuwa ameingia na jerikeni kuomba maji ya kutia kwenye rejeta ya gari. Alipiga magoti na jerikeni lake, akalia, kisha akatoa chupa ya pombe ya waragi mfukoni akaenda kuimwaga nje ya mlango. Pasta ni mtu mwerevu. Aliikunja karatasi ya matangazo akawaombea wote, choo kikasubiri.

Baadaye akaniambia Roho ana njia zake. Njia hiyo mimi naijua, ilianzia kwenye kidole changu.

Jana nilicheka mchana kutwa. Leo sicheki. Asubuhi Okurut amepita kibandani kabla ya kuvuka, uso umemtakata, anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nikashindwa hata kumtazama.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Wale watu walipokuwa wanalia, niliwaonea wivu. Tangu nikalie kile kiti sijafumba macho kanisani hata mara moja. Siwezi, lazima nitazame kitambaa. Wenzangu wanaomba, mimi niko kazini. Nikirudi chumbani nikijaribu kuomba peke yangu, hakuna kinachokuja wala kinachotoka. Nimekuwa kama mpishi wa harusi aliyepakulia watu mia tatu akalala na njaa.

Nataka kuacha kinanda. Lakini wewe ndiye uliyenisimamisha kando ya ngoma nikiwa na miaka sita, kwa hivyo nakuuliza wewe kwanza. Nijibu kabla ya mkutano wa Pasaka, ili pasta apate muda wa kutafuta mtu.

Mwanao,
Quinton


Budalang'i, Jumatano 19 Februari

Mwanangu Quinton, mulembe.

Goti limepokea salamu zake na limefurahi kutajwa kabla yangu, sasa litaniringia wiki nzima. Mto umelala kitandani mwake, na mahindi yamepandwa. Barua yako imefika salama na harufu yake. Nimeisoma nyuma ya jiko, na jirani yangu Magdaline amepita hapo mara tatu kuuliza kama ni habari ya mchumba. Nimemwambia ni habari ya choo cha kanisa. Sikudanganya.

Nimecheka hadi kuku wakakimbia. Sasa nikujibu.

Mimi shule nilifika darasa la saba, lakini watu nimewasoma. Nimeimbisha kanisa letu miaka thelathini na moja, na sina kinanda, nina ngoma moja, kayamba mbili na mdomo. Hata hivyo kitambaa chako nakijua, ila changu hakionekani. Huyu Magdaline, tangu afiwe na mumewe, kuna wimbo analilia ubeti wa tatu. Si wa pili, si wa nne. Nikimwona ameingia na uso umekunjamana, nauanza wimbo ule, na ubeti wa tatu nauvuta kidogo. Analia, anapangusa, anarudi nyumbani mwepesi. Nisipoufikisha, Jumatatu anakuja kuniomba dawa ya kichwa.

Je, ni mimi ninayemliza? Ingekuwa ni mimi, angelia hata nikimuuliza bei ya sukari. Mvua ikinyesha juu ya mabati kijiji chote husikia, ikinyesha juu ya nyasi hakuna anayeamka. Lakini sijawahi kuona mabati yakidai ndiyo yaliyoleta mvua. Wewe ni bati, Quinton. Piga kelele yako, mvua mwachie mwenyewe.

Kama huniamini, jaribu hivi. Jumapili moja, kitambaa kikipanda, wewe toa mikono. Iweke magotini, ufumbe macho hayo unayolilia, uone ni nani atabaki anaomba na ni nani alikuwa amepanda tu kwenye mgongo wa kinanda chako. Utajua kila kitu kwa dakika mbili. Pasta akikasirika, mwambie ni mimi. Hanijui, na ni kilomita nyingi.

Kula vizuri. Nasimiyu anasema umekonda, ingawa yeye humwambia kila mtu hivyo ili auze omena.

Shangazi yako,
Roselida


Malaba, Jumatatu 17 Machi

Shangazi yangu,

Umeshindaje na hayo mawingu tunayoyaona yakielekea huko kwenu? Mimi mwili hauna neno. Nilihitaji Jumapili tatu kupata ujasiri, na jana nimeupata. Bora ningeukosa.

Kitambaa kilipanda, safari hii kwa kusudi. Nikatoa mikono. Kwanza nikasikia breki za trela kule barabarani. Halafu mtoto akinyonya. Halafu tumbo la mzee Onyuka wa safu ya mbele, ambalo kumbe miaka yote hii nimekuwa nikilifunika. Pasta aliendelea kuomba kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akakuta ngazi zimeisha mapema. Mama Loise, mhazini wetu, akafungua jicho moja, akatazama taa, akafungua la pili. Kijana wa mitambo, Josiah, alichomoa na kuchomeka kila waya anaoujua. Wahudumu wawili wakakimbilia jenereta. Ndani ya dakika moja kanisa zima lilikuwa limegeuza shingo kutazama jenereta, Shangazi, na jenereta haikuwa na kosa.

Hakuna aliyekwenda mbele. Hata mmoja.

Mimi nilifumba macho kama ulivyosema. Nikaona giza la kawaida. Na ndani ya giza hilo nikajikuta nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa nikidhani ndani yangu kuna mtu anayengoja kuomba, ila kinanda kinamzuia. Nimefungua mlango, nimekuta saa ya ukutani.

Watu walipoondoka pasta akaja, akakalia spika.

"Stima haikupotea," akasema.

"Haikupotea, Pasta."

Nikamweleza yote, hata habari ya choo. Alisikiliza bila kunikata. Nilipofika kwenye macho, akatabasamu upande mmoja.

"Kijana, kwani wewe unafikiri mimi huwa nafumba?"

Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu.

"Ile ni kukunja uso. Naangalia saa. Naangalia watoto wasikanyage nyaya. Naangalia nani anataka kuanguka, na kama nyuma yake kuna mtu wa kumdaka. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Nilingoja aseme neno la kunituliza, maana mapasta huwa nalo mfukoni. Tulikaa tu, yeye juu ya spika, mimi kwenye kiti changu, kama wauza chakula wawili baada ya soko kufungwa. Mwishoni nikamwambia siwezi tena. Akasema hatanilazimisha, ila kiti hatampa mtu mpaka Pasaka ipite.

Kwa hivyo nimeacha. Dawa yako ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Niambie sasa nifanye nini, maana kazi nimeipoteza, na kuomba bado siwezi.

Mwanao,
Quinton


Malaba, Jumatatu 14 Aprili

Shangazi,

Leo sianzi na goti. Uko wapi?

Alhamisi mbili Nasimiyu hakuonekana sokoni. Leo amekuja mikono mitupu, anasema mto umevunja kingo upande wenu, na watu wamehamishiwa shule ya msingi kule juu, na hakukuona kwa macho yake ila amesikia uko. Kusikia hakunitoshi. Simu yako imezimwa tangu Jumanne. Nikipata lori linaloshuka huko nitakuja, lakini wanasema barabara imekatika na hawapitishi gari.

Nampa Nasimiyu hii ajaribu kuifikisha kwa boda na kwa miguu. Nikuchekeshe kidogo, usije ukafikiri nimenuna. Kanisani sasa wanatumia flashi. Josiah anaichomeka, muziki wa maombi unatoka wenyewe. Jana, Jumapili ya Matawi, watu wamezama, wengine wameshaanza kulia, wimbo ukaisha na flashi ikasonga mbele, likaanza tangazo la dawa ya kupe. Lote. Na bei zake. Mama mmoja alisema amina katikati. Mimi nilikuwa benchi la nyuma kabisa. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona kwamba hata pale nyuma, bila kinanda, vidole vyangu vilikuwa vinatafuta noti juu ya paja, na macho yalikuwa wazi.

Ukisoma hii, piga. Piga hata kwa hiyo spika. Boma lote lisikie.

Mwanao,
Quinton


Shule ya msingi, kambini, Jumatano 23 Aprili

Mwanangu, mulembe. Niko hai. Niko mkavu kuanzia magoti kwenda juu.

Samahani kwa karatasi, nimeipata kwa mtoto wa darasa la nne, upande wa nyuma kuna hesabu zake na amekosa mbili. Maji yaliingia Jumanne ile ya tarehe nane, asubuhi, kwa adabu, chini ya mlango, kama mgeni anayevua viatu. Kufikia saa nne yalikuwa yamekaa kitandani. Tulitoka na godoro, kuku watano na simu, na simu ndiyo iliyozama. Boma letu sote tuko salama, hakuna aliyepotea. Usije na lori.

Sasa nikupe habari nyingine, ucheke. Sauti yangu imekwenda. Ni baridi ya siku ile. Nikifungua mdomo kunatoka kitu kama bawaba ya mlango. Na Pasaka ikanikuta hivyo.

Darasani kwetu tulikuwa makanisa manne: Wakatoliki, Waanglikana, watu wa wokovu, na wale wa kanzu nyeupe. Ngoma zilizookolewa zilikuwa mbili, na ngozi zote zimelowa, ukizipiga zinakohoa. Wakaanza kubishana nani ataimbisha. Kila mmoja anaujua wimbo uleule kwa lugha yake na kwa mwendo wake. Nilitaka kusimama niwapange, kama kawaida yangu. Nikafungua mdomo, ikatoka bawaba. Nikaketi.

Basi aliyeanzisha ni Magdaline. Quinton, unaijua sauti yake. Ni sauti ya mtu anayefukuza ngedere shambani. Alianza juu mno, wakamfuata, Wanyala kwa lugha yetu, Wajaluo kwa yao, wengine Kiswahili, na mwalimu mmoja Kiingereza, peke yake, kwa heshima. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Mimi nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yananigusa kidevu, nasahihisha kimoyomoyo. Wakafika ubeti wa tatu. Nikamtazama Magdaline nimwone akilia. Hakulia, alikuwa na kazi ya kuimbisha. Kumbe anayelia ni mimi. Nililia hadi yule mwalimu akanipa leso ya mkewe.

Miaka thelathini na moja nimewapelekea watu wimbo. Siku ile nimeletewa. Sikujua tofauti yake, na nilikuwa nimekuandikia barua nzima kama mtu anayejua. Ule ushauri wa kunyamaza ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kunyamaza. Wewe hukuhitaji kimya, mwanangu. Kimya kwako ni kazi nyingine ya kusimamia. Unahitaji mtu mwingine akuimbie, tena vibaya, bila kukutegemea.

Barabara wanasema itafunguliwa wiki ijayo. Njoo Jumapili. Kinanda usilete, hata kile kidogo. Njoo ukae.

Shangazi yako,
Roselida


Malaba, Jumatatu 12 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefika salama tangu Jumatatu ile, na unga mlionipa nimeshaumaliza. Jinsi watu wa kambini wanavyompa mgeni chakula, hilo nitalieleza siku nyingine. Sauti imepanda? Usiilazimishe.

Hukuniuliza kitu siku ile, ukanisindikiza hadi kwa boda bila kuniuliza, nami najua ilivyokugharimu. Sasa nakuandikia.

Ulikaa nami kwenye dawati lile, na unakumbuka Magdaline alivyoanza. Alianza katikati ya noti mbili, mahali ambapo kwenye kinanda hakuna kidude cha kubonyeza. Na kila ubeti wakapanda kidogo, bila ishara ya mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameushika wimbo. Nilipambana. Ubeti wa kwanza nilitafuta noti. Wa pili nilihesabu, nikakuta wenye kanzu nyeupe wana mwendo wa tatu na wengine wa nne. Wa tatu nikasema moyoni, sasa lazima waanguke. Hawakuanguka. Wa nne nikachoka kuwashikilia watu ambao hawakuwa wameniomba.

Sikulia kama wewe. Sikuona nuru wala kusikia sauti, usije ukamwambia Magdaline kitu kama hicho. Nilimwambia Mungu nimechoka. Ndilo neno la kwanza nimemwambia kwa miaka mitatu, na lilifuatwa na mengine ambayo si yako kuyasoma. Nilijua macho yalikuwa yamefumbwa nilipoyafungua tu, maana uji ulikuwa umegawiwa, umenywewa na vikombe vimeoshwa. Wewe ulikuwa unaniangalia. Na sikuwa nimelala, Shangazi, hata kama mwalimu yule anasema nilikoroma.

Jana nimekwenda kwa pasta. Nimemwambia narudi kwenye kinanda, maana kweli wapo watu wanaohitaji bati ili wasikie mvua, na mimi najua kulipiga. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kinanda na flashi na jenereta vyote vizimwe, Mama Loise aimbishe kwa mdomo, na mimi nikae benchi.

Akasema watu watakwenda kanisa la jirani lenye spika nane. Nikasema wachache watakwenda. Akatazama mlango, kama vile wazee wa kanisa wanasikiliza.

"Na siku hiyo nani ataangalia saa?" akauliza.

Nikasema mzee Onyuka, tumbo lake halijawahi kukosea.

"Basi hilo benchi," akasema pasta, "liwe la watu wawili."

Mwanao,
Quinton


Budalang'i, Jumatano 21 Mei

Mwanangu Quinton, mulembe sana.

Tumerudi nyumbani. Ukuta wa jikoni umelala, zilizobaki zimesimama. Sauti imerudi nusu, ile ya chini, kwa hivyo nimemwachia Magdaline nyimbo za juu, na kanisa linavumilia. Goti linaulizia habari zako.

Sitasema mengi juu ya barua yako. Nimeisoma mara mbili nikaiweka kwenye Biblia, mahali ambapo Magdaline hafiki.

Ila hiyo Jumapili ya kwanza nataka niijue yote kama niliyekuwepo. Mimi ni mtu wa kutazama watu, na siwezi kufika. Kwa hivyo uniandikie karatasi mbili kamili. Mama Loise alianza wimbo gani na kwa sauti gani. Nani alilia na nani alijifanya. Wangapi walikwenda mbele, wangapi walihamia spika nane. Mama Loise alivaa nini. Na zaidi ya yote, pasta alifumba kweli au alikunja uso. Umkague vizuri, uko naye benchi moja.

Nangoja.

Shangazi yako,
Roselida


Malaba, Jumatatu 2 Juni

Shangazi yangu,

Pole kwa ukuta, nikija nitaleta simenti. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa.

Karatasi mbili ulizotaka sina. Mama Loise alisimama, akakohoa, akaanza wimbo chini mno, nikafikiri atakwama kabla ya ubeti wa pili. Baada ya hapo sijui. Nani alikwenda mbele, nani aliondoka, sijui. Nguo alizovaa sikuziona. Nimemuuliza pasta, naye hajui kitu.

Mwanao,
Quinton